Psyche, zile dola zenye sifuri 19, na karasha lako la Chunya

Swali: “Shikamoo mwalimu. Mi ni mchimbaji mdogo huku Chunya, nina duara moja (shimo la kuchimbia) na karasha (mashine ya kusaga mwamba). Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp inasema angani kuna jiwe la dhahabu tupu linaitwa 16 Psyche, likishushwa kila mtu duniani anakuwa bilionea, na NASA washatuma chombo kulifuata, kinafika 2029. Jamaa yangu ananishauri niuze karasha mapema kabla bei ya dhahabu haijaanguka. Hii kitu ni kweli au ni stori za mitandaoni tu?”

Marahaba mdogo wangu. Hiyo video imechanganya vizuri sana ukweli na chumvi, ndo maana imekutisha. Jiwe lipo, jina ni hilohilo, chombo kimeshaondoka, na 2029 ndo mwaka wa kufika. Hayo yote ni kweli. Ila dhahabu tupu sio kweli, kwenda kulichukua sio kweli, na huo ubilionea wa kila mtu ni hesabu ya utani ambayo watu wameifanya ahadi. Ngoja nikueleze polepole maana wewe kwa kazi yako utaelewa haraka kuliko wengi wanaoisambaza.

Psyche ni asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani linalozunguka Jua, iligunduliwa tarehe 17 Machi 1852 na Mtaliano Annibale de Gasparis akiwa Napoli, na hiyo 16 mbele ya jina maana yake ilikuwa asteroidi ya kumi na sita kupatikana, basi, sio uzito wala karati. Umbo lake halijawa duara zuri, limebonyea kama kiazi, upande mrefu unakaribia kilomita 280, yaani ncha moja ukiiweka Dar ile nyingine imeshaipita Morogoro. Inajizungusha haraka, masaa manne na dakika kumi na mbili hivi siku yake imeisha, lakini kulizunguka Jua mara moja inachukua karibu miaka mitano yetu. Mvuto wake ni mdogo kiasi kwamba mtu wa kilo 70 akipanda kwenye mzani kule utasoma kama kilo moja. Na inakaa kwenye ule ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii, ikisogea karibu na Jua kabisa bado iko kilomita milioni 378 hivi, na sisi tuko milioni 150, kwa hiyo hata siku ikiwa jirani zaidi kuna zaidi ya kilomita milioni 200 katikati. Nasema hivi kwa sababu video nyingine zinadai linakuja kutugonga. Haliji.

Alafu zile picha za kwenye video, jiwe linang'aa rangi ya dhahabu lina mashimo yamepambwa, zile ni michoro. Mpaka naandika hapa hamna kamera iliyowahi kuliona jiwe lile kwa karibu. Darubini kubwa kuliko zote, hata zile za Chile, zinaliona kama doa lenye mabonde mawili matatu ya kukisia. Wasanii wa NASA wamechora wanavyodhani litakuwa, wakaandika kabisa kwamba ni mchoro, mtu wa video akakata yale maandishi akaongeza muziki.

Sasa kwa nini walianza kusema ni chuma? Sababu kubwa ilikuwa rada. Ukitupa mawimbi ya redio kwenye asteroidi ya mawe ya kawaida yanarudi kidogo, ukitupa kwenye chuma yanarudi kwa nguvu, na ile darubini kubwa ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico ilipoipiga Psyche mwangwi ulirudi mkali kuliko wa asteroidi nyingi. Watu wakafurahi, wakasema hiki ni kipande cha chuma tupu kinaelea, na kwa miaka mingi vitabu viliandika hivyo.

Tatizo likaja kwenye uzito, na hapa ndo nataka ukae vizuri. Kujua uzito wa kitu ambacho huwezi kukishika unaangalia kinavyovuta vitu vingine vinavyopita karibu, na Psyche inavuta kidogo sana vile viasteroidi vinavyoikaribia, kwa hiyo kipimo kimesumbua. Makadirio ya zamani yaliruka huku na huku, mengine yakatoa sentimita moja ya ujazo gramu karibu 7, ambayo ni jirani kabisa na chuma chenyewe kwenye 7.9, mengine yakashuka chini ya 2. Vipimo vya miaka hii ya karibuni vimekaa kwenye gramu 4 hivi. Mwamba wa graniti una 2.7. Kwa hiyo Psyche ni nzito kuliko mawe, sawa, lakini ni nyepesi mno kuwa chuma tupu, labda uniambie nusu yake ni mapango matupu, na jiwe la ukubwa ule kuwa na mapango kiasi hicho ni ngumu kuliamini. Hesabu inayokubalika na wengi sasa inasema chuma ni kama asilimia 30 mpaka 60 ya ujazo wake, yanayobaki ni mawe. Ni mchanganyiko. Na kana kwamba hiyo haitoshi, mwaka 2016 wakaona alama za maji au kitu cha jamii ya maji juu yake, darubini ya James Webb ikathibitisha alama hizo 2024, wakati chuma kilichowahi kuyeyuka kwa joto kali hakitakiwi kuwa na maji juu. Wengi wanadhani ni vumbi la asteroidi nyingine zilizoigonga baadaye zikaacha uchafu wao. Mi naona hiyo ndo maelezo rahisi kuliko mengine.

Hicho chuma kimetoka wapi? Wewe ukizungusha karai lako mtoni kizito kinashuka chini na mchanga unaondoka juu, sayari nazo zikiwa bado changa na zimeyeyuka zinafanya hivyohivyo bila karai, chuma na nikeli vinazama katikati na mawe yanaelea juu. Dunia ilifanya hivyo. Wazo la kwanza kuhusu Psyche likawa kwamba hapo zamani, miaka bilioni nne na nusu iliyopita, kulikuwa na kisayari kidogo kimeshajitenga namna hiyo, kikagongwa na wenzake mpaka ganda lote la mawe likabanduka, kikabaki kiini. Wazo la pili linasema hapana, hichi ni kitu ambacho hakijawahi kuyeyuka kabisa, kilizaliwa tu sehemu yenye chuma kingi. Na kuna la tatu ambalo ni la ajabu kidogo lakini limeandikwa na watu makini, kwamba kiini kilipokuwa kinapoa chuma kilichobaki kimiminika kilisukumwa juu kupitia nyufa kikamwagika juu ya mawe, yaani volkano zinazotema chuma. Likiwa la tatu ndo kweli, basi rada iliona chuma cha juujuu na chini yake kuna tabaka la mawe.

Dhahabu sasa, maana ndo unayoisubiri.

Hamna mtu yeyote aliyewahi kupima dhahabu kwenye Psyche. Tunachoweza kufanya ni kuangalia vimondo vya chuma vilivyoanguka duniani, ambavyo ni vipande vya viini vya visayari vilivyopasuka, na hapo jirani yako tu, Mbozi mkoani Songwe, kuna kimojawapo cha vikubwa duniani, tani zaidi ya kumi, wenyeji walikuwa wanakijua kabla ya mpima ardhi mmoja kukiandika 1930. Kama hujaenda nenda, kiko pale kilimani, nauli ya kutoka Chunya haikushindi. Kile kimondo ni chuma asilimia 90 na nikeli karibu 9, vingine vyote vimegawana hiyo moja inayobaki. Sisemi kimetoka Psyche, simaanishi hivyo, nasema ni kitu cha aina hiyo. Na vimondo vya chuma vikipimwa kwenye maabara dhahabu inatoka kama gramu moja kwa tani, vingine chini ya hapo, vingine juu kidogo. Gramu moja kwa tani! Wewe na wenzako hapo Chunya mwamba wa gramu moja kwa tani mnautupa kwenye kifusi bila hata kuupeleka karasha.

Tena hiyo gramu haijakaa kama unavyoijua. Dhahabu yako imekaa kwenye mkanda wa kwatzi kwa sababu maji ya moto yalipita kwenye nyufa za mwamba chini huko, yakaokota dhahabu kidogokidogo kutoka eneo kubwa, yakafika mahali yakapoa au yakabadilika kemikali, yakaiacha sehemu moja. Ni kazi ya maji, joto na muda, na Dunia ndo ina huo mtambo. Kwenye chuma cha kimondo dhahabu imeyeyukia ndani ya chuma chenyewe, chembe kwa chembe, imesambaa kila mahali sawasawa, hamna mkanda wa kufuata, zebaki haiwezi kuikamata, karasha litavunjika meno. Ungelazimika kuyeyusha tani nzima ya chuma na nikeli kutafuta gramu moja. Kwa hiyo hata jiwe lote lile lingeanguka Lupa hapo Chunya kesho bila kumuumiza mtu, wewe bado ungeendelea na duara lako.

Haya, zile pesa. Hiyo namba ya dola kwintilioni 10, yaani moja ikifuatiwa na sifuri 19, ina mwenyewe. Mwanasayansi anayeongoza misheni hii, Lindy Elkins-Tanton, aliulizwa na waandishi wa habari 2017 jiwe lina thamani gani, akapiga hesabu ya kufurahisha, uzito wa chuma mara bei ya chuma sokoni, akaitaja, na palepale akasema hesabu hiyo haina maana kwa sababu hamna teknolojia ya kulileta na likiletwa soko litakufa. Watu wakachukua namba wakaacha maelezo. Na uone, hesabu yake ilikuwa ya chuma, sio dhahabu. Neno dhahabu liliongezwa njiani na watu wa kichwa cha habari.

Ukiigawa kwa watu bilioni 8 kila mmoja anapata dola bilioni 1.25, ndo ule ubilionea. Lakini jiulize hizo dola anatoa nani. Uchumi wa dunia nzima, kila nchi, kila duka, kila shamba, kwa mwaka unazidi dola trilioni 100, na hiyo bei ya Psyche ni karibu mara laki moja ya hapo. Hamna mnunuzi. Dunia inatengeneza chuma cha pua na vyuma vingine vya aina hiyo karibu tani bilioni 1.9 kwa mwaka, na theluthi moja tu ya uzito wa Psyche ingetosha matumizi hayo kwa miaka kama milioni nne. Bei ya kitu kinachopatikana kwa wingi hivyo inakuwa ya mchanga. Na ukweli ni kwamba chuma hapa duniani hakijaisha, Liganga pale Ludewa kimekaa miaka yote hii na shida haijawahi kuwa chuma chenyewe, shida ni umeme, barabara na mtaji, sembuse chuma kilicho kilomita mamia ya milioni.

Kuhusu kukileta, angalia waliofanikiwa. Japani walituma Hayabusa2 kwenye asteroidi Ryugu, ikarudi Desemba 2020 na gramu 5.4. Wamarekani wakatuma OSIRIS-REx kwenye Bennu, ikashusha mzigo Septemba 2023 kwenye jangwa la Utah, gramu 121.6. Misheni ile iligharimu zaidi ya dola bilioni moja, gawa mwenyewe, ni zaidi ya dola milioni 8 kwa gramu moja ya udongo, na Bennu ni kajiwe ka mita mia tano kanakopita karibu na Dunia, sio Psyche huko ukandani. Zilikuwepo kampuni mbili za Marekani zilizotangaza kwa mbwembwe kwamba zitachimba asteroidi, Planetary Resources na Deep Space Industries, zote zilishiwa pumzi zikanunuliwa na kampuni nyingine 2018 na mwanzoni mwa 2019 kabla ya kuchimba hata kokoto. Kisheria napo kuna utata, mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi kumiliki sayari au asteroidi, Marekani wakatunga sheria yao 2015 inayoruhusu raia wao kumiliki watakachochimba, na nchi nyingine hazijaridhika na hiyo tafsiri. Lakini sheria naiona kama shida ya mbali, kwanza mtu awe na kitu cha kugombania.

Chombo chenyewe, nacho kinaitwa Psyche, kilirushwa 13 Oktoba 2023 kutoka Florida juu ya roketi ya Falcon Heavy. Hakina koleo. Hakina drili, hakina mkono, hakitatua, hakitarudi. Kina kamera, kina spektromita ya miale ya gama na neutroni ya kutambua kule juu kuna elementi gani, kina magnetomita ya kupima usumaku, na redio yake itatumika kupima mvuto. Kinasukumwa na injini za umeme zinazotumia gesi ya zenoni, kilo 1,085 kilibeba, umeme unatoka kwenye paneli za jua, na nguvu ya msukumo wake ni kama uzito wa gramu 24 mkononi mwako, huwezi hata kuihisi vizuri, ila ikisukuma miezi na miezi bila kusimama na hamna upepo wa kuizuia inafika. Aprili 2025 presha ya gesi ilishuka kwenye bomba moja, wakahamia bomba la akiba, na kufika Juni injini zilikuwa kazini tena. Njia yake inapitia Mirihi mwezi wa tano 2026 ili mvuto wa sayari ile ukisukume, alafu Agosti 2029 kikamatwe na Psyche na kuanza kuizunguka, miezi 26 hivi.

Kuna kitu kingine kilibeba ambacho binafsi kilinifurahisha kuliko yote, kifaa cha kutuma data kwa leza. Desemba 2023 kikiwa kilomita milioni 31 kilituma Duniani video ya paka anakimbiza taa, jina lake Taters, kwa megabiti 267 kwa sekunde. Bando lako halijawahi kuona spidi hiyo hata ukiwa umekaa chini ya mnara.

Utaniuliza, kama hamna dhahabu na hamna kurudi na kitu, zaidi ya dola bilioni moja wanazitupa za nini. Ni kwa sababu ya kiini. Kiini cha Dunia yetu kinaanzia kilomita 2,900 chini ya miguu yako. Mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, ambao ni kati ya migodi mirefu kuliko yote kwenda chini, unafika kilomita 4 hivi, na huko joto la mwamba linahitaji barafu kupooza wafanyakazi. Warusi walitoboa shimo Kola la kilomita 12 na kidogo, miaka karibu ishirini, wakaacha kwa sababu joto lilizidi na mwamba ukawa unajifunga. Kilomita 12 kati ya 2,900. Kila tunachojua kuhusu kiini tunakijua kwa mitetemo ya matetemeko, kwa usumaku na kwa vimondo kama cha Mbozi. Na hapa kuna kitu kitakuuma kama mchimbaji, dhahabu nyingi ya Dunia iko hukohuko kwenye kiini, ilizama na chuma wakati ule wa mwanzo kwa sababu dhahabu inapenda kwenda na chuma, hii ya Chunya na Geita ni masalia na nyongeza zilizokuja baadaye.

Kwa hiyo 2029 wakitangaza matokeo usisikilize dola, sikiliza magnetomita. Wakikuta jiwe zima lina usumaku wa zamani umeganda ndani yake, basi Psyche iliwahi kuwa na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kama cha Dunia, na lile wazo la kiini kilichobanduliwa linapata nguvu sana. Wakikuta kimya, mawazo yale mengine mawili yanarudi mezani. Kitu cha pili ni nikeli, spektromita ikisoma nikeli asilimia 4 na kuendelea kwenye chuma hiyo inaelekea kwenye kiini, ikiwa chini sana watu wataanza kuangalia lile jiwe ambalo halikuwahi kuyeyuka.

Na karasha. Usiliuze kwa sababu ya Psyche. Bei ya dhahabu inapandishwa na kushushwa na riba za Marekani, benki kuu zinazonunua akiba, vita na hofu za watu, na katika hayo yote hamna asteroidi hata moja. Ila umenitajia karasha hukunitajia marudio yako (mchanga unaobaki baada ya kusaga na kuosha) yanatoa gramu ngapi kwa tani na dizeli unachoma lita ngapi kwa siku, hizo namba mbili zinaweza kuwa sababu halali ya kuuza au kubaki, nitumie niziangalie.